Kuacha Pombe (3): Kukitafuta Kikundi cha Kusaidiana

Kikundi cha kusaidiana ni mkusanyiko wa watu waliowahi kushindwa na pombe, wanaokutana mara kwa mara bila malipo ili kila mmoja apate nguvu ya kutoinywa tena. Hakiongozwi na daktari wala mhubiri. Wanakikundi wenyewe hukiendesha kwa zamu.

Vikundi vilivyoenea zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA. Mwezi Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa katika hoteli moja mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na baa ilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Alikuwa ametimiza miezi mitano hivi bila kunywa. Badala ya kuingia baa, alichukua orodha ya makanisa ya mji ule akaanza kupiga simu, akiuliza kama kuna mlevi anayehitaji mtu wa kuzungumza naye. Hatimaye alikutanishwa na daktari wa upasuaji, Robert Smith. Smith alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwa AA. Kitabu chao chenye hatua 12 za kuacha pombe kilitoka mwaka 1939, na leo vikundi vimefika takriban nchi 180.

Alivyofanya Wilson, yaani kuuliza, ndiyo njia inayofaa hadi leo. Nchini Kenya, pa kuanzia ni namba 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Mshauri anayepokea humsikiliza mpigaji na kumwelekeza penye msaada. Nchini Tanzania, mahali pa kuuliza ni kliniki za afya ya akili, kama zile za Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma, pamoja na nyumba za upataji nafuu, zinazojulikana mitaani kama soba hausi. Nyumba hizo zilifunguliwa hasa kwa ajili ya waraibu wa heroini, lakini nyingi hupokea pia walevi wa pombe na huendesha mikutano kwa kufuata hatua 12.

Makanisa mengi hutoa chumba cha mikutano, kwa hiyo padri au mchungaji huenda akajua siku na saa. Tena, karibu kila mtaa una mtu aliyevuma kwa gongo au chang'aa ambaye sasa haigusi. Akiulizwa faraghani na kwa heshima, mara nyingi huyo ndiye mwelekezaji bora. Aliye mbali na mji anaweza kuhudhuria mikutano ya AA kwa simu, kupitia intaneti.

Mkutano wenyewe huchukua saa moja au zaidi kidogo. Viti hupangwa kwa duara, na mara nyingi chai huwa tayari. Anayetaka kusema hutaja jina lake la kwanza tu, hukiri kwamba ni mlevi, kisha hueleza yaliyompata. Hakuna anayemkatiza wala kumkosoa. Mgeni anaruhusiwa kukaa kimya. Mwishoni hupitishwa bakuli la mchango wa hiari wa kulipia chumba na chai. Mikutano ya wazi hupokea yeyote; ya faragha ni ya wenye tatizo pekee. Ndugu wa walevi wana vikundi vyao, Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka 1951.

Kikundi cha kweli hutambulika kwa mambo manne: hakidai kiingilio, hakiuzi dawa, hakitoi nje siri ya mtu, wala hakimwamuru mgonjwa aache dawa za hospitali. Sharti la kujiunga ni moja: nia ya kuacha kunywa. Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote hupokewa, kwa kuwa kila mmoja humwelewa Mungu kwa namna yake. Mwanamke ambaye hayuko huru mbele ya wanaume ana haki ya kutafuta kikundi cha wanawake. Kikundi cha kwanza kisipomfaa mtu, ajaribu kingine, tena ahudhurie mara kadhaa kabla ya kuamua.

Tahadhari moja ni ya uhai. Aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asikatishe pombe ghafla akiwa nyumbani. Kutetemeka na kutoka jasho huweza kufuatwa na degedege, na baada ya siku mbili hadi nne na kuweweseka kunakoweza kuua. Huyo aanzie hospitalini, kisha aende kikundini.

Uchambuzi wa tafiti 27 uliochapishwa na Cochrane mwaka 2020 ulionyesha kwamba tiba inayomwingiza mtu katika AA huwasaidia wengi zaidi kuacha kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo. Pasipo na kikundi, AA inatambua kwamba walevi wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe wanatosha kukianzisha. Basi anayeujua mkutano ulipo asimwelekeze tu mgonjwa. Amsindikize siku ya kwanza.