Kabla Kikundi Hakijanunua Spika

Siku hizi vikundi vingi vinanunua vyombo vya sauti vya kukodisha kwenye harusi, matanga na harambee. Ni mradi mzuri, kama ule wa hema na viti. Lakini ni mradi unaoweza kuungua alasiri moja, na michango ya wanachama ikaenda na moshi. Mara nyingi stima haina makosa. Shida ni kwamba amplifaya na spika zilinunuliwa bila kulinganishwa. Hebu tuangalie mambo manne ya kuuliza dukani.

1. Omu ni ngapi?

Nyuma ya spika huandikwa nambari ya omu (alama yake ni Ω). Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme kupita. Spika nyingi ni za omu 8 au 4. Nyuma ya amplifaya nako huandikwa omu za chini kabisa inazoweza kubeba. Mkishuka chini ya hapo, amplifaya inatoa umeme kupita kiasi, inashika moto sana, na mwishowe inaungua.

Hesabu ni hii. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa upande mmoja wa amplifaya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, zinakuwa omu 4. Zikiwa nne namna hiyo, ni omu 2. Yaani spika zikiongezeka, omu zinapungua! Hapa ndipo vikundi huumia: amplifaya ya omu 4 inafanya kazi vizuri na spika mbili, halafu watu wanakuwa wengi uwanjani, mtu anaongeza mbili zingine. Kabla ya sherehe kuisha, kimya.

2. Wati za aina gani?

Kwenye boksi mtaona "PMPO 1000". Msishangilie. Hiyo ni nambari ya matangazo tu. Ulizeni wati za RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kutoa mfululizo. Ikitoa wati 50 za RMS kila upande kwa omu 8, tafuteni spika za omu 8 zinazobeba wati 50 hadi 100 za RMS.

Wengine husema amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Inaweza. Ikifunguliwa hadi mwisho, sauti inaanza kukwaruza, na mkwaruzo huo unapeleka nguvu nyingi kwa twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Hiyo ndiyo huungua kwanza. Mkisikia mkwaruzo, punguzeni sauti mara moja.

3. Desibeli ni ngapi?

Spika mbili zenye wati sawa si lazima zitoe sauti sawa. Desibeli huonyesha sauti ya spika kwa wati 1, ikisikilizwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 93 ikipewa wati 50 inasikika sawa na ya desibeli 90 iliyopewa wati 100. Kwa hivyo spika nzuri inaweza kuwaokolea gharama ya amplifaya kubwa. Tena, spika za sebuleni hazikutengenezwa kwa uwanja. Nje, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6.

4. Je, ni spika ya tarumbeta?

Tarumbeta nyingi zinazofungwa juu ya kanisa au mti zina transfoma ndani, na zimeandikwa 100V. Hizo huunganishwa mahali palipoandikwa 100V kwenye amplifaya. Jumlisheni wati za tarumbeta zote. Zisizidi wati za amplifaya. Spika ya kawaida ya omu 8 isiunganishwe hapo kamwe.

Tunawashauri hivi: watumeni watu wawili dukani wakiwa na nambari za amplifaya kwenye karatasi. Wajaribu spika kwa nusu saa kabla ya kulipa, na risiti iandikwe jina la kikundi. Kisha omu na wati ziandikwe kwenye daftari la kikundi na juu ya amplifaya yenyewe, kwa rangi isiyofutika. Atakayetaka kuongeza spika siku ya sherehe, hata akiwa mwenyekiti, aonyeshwe nambari hizo kwanza.