Je, Wajua? Kuna mtumba wa treni pia

Butali inajulikana kwa kiwanda cha sukari na matrekta ya miwa. Kuona reli, nenda Webuye. Lakini Mlima Elgon, jirani wa kaskazini, uliwahi kuipa injini ya treni jina lake. Injini 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, ziliundwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya njia ya Mombasa hadi Nairobi, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Katika reli za upana wa mita moja, hakuna injini ya mvuke iliyozishinda nguvu popote duniani.

Wapenzi wa treni ndogo huunda injini za namna hii kwa kipimo cha 1:87: urefu hushuka hadi sentimita 36 na kidogo, na upana wa reli huwa milimita 12. Seti za vipande vya kuunganisha hutengenezwa chache, kisha basi; ndiyo maana husakwa kwa mtumba. Ajabu ni kwamba mara nyingi seti ambayo haijaguswa huuzwa ghali kuliko iliyounganishwa ovyo. Muuzaji akisema "iko kamili", afungue boksi, mhesabu vipande kwa karatasi ya maelekezo kabla hujatoa pesa.