Mafuta Yanayobeba Dawa

Tangu chanjo za Pfizer na Moderna zilipoingia nchini mwaka 2021, akina mama hawajaacha kutuuliza: mafuta yaliyomo ndani yake yametoka wapi, na ni ya nini? Swali la kwanza ni jepesi. Kuhusu ile ya Pfizer, mamlaka ya dawa ya Uingereza ilieleza kuwa haina kitu kilichotokana na mnyama. La pili lataka subira.

Tuazime tui la nazi. Mafuta yake yametawanyika majini kwa vitone vidogo mno. Watengenezaji wa chanjo nao huifunga mRNA, yaani ujumbe unaoiagiza seli itengeneze protini fulani, ndani ya kitone cha lipidi za aina 4, kolesteroli ikiwemo. Kipenyo chake ni kama nanomita 100. Unywele mmoja wakishinda kwa unene mara mia kadhaa. Bila kitone hicho ujumbe huharibika kabla haujafika.

Ajabu imo katika lipidi mojawapo. Damuni haina chaji ya umeme. Seli ikishaimeza katika kifuko chenye tindikali, lipidi hiyo hupata chaji chanya, hushikamana na utando wa kifuko wenye chaji hasi, na utando ukavurugika, ujumbe ukapenya. Lakini unaopenya ni kidogo sana. Uliobaki huteketea humo humo. Laiti ungepenya mwingi, dozi ndogo ingetosha.

Hakuna darubini inayoonyesha tendo hilo atomi kwa atomi. Ndipo likaigwa kwa kompyuta: hupewa atomi na nguvu zinazozivuta na kuzisukuma, kisha huzisogeza hatua kwa hatua. Kila hatua huwa kama femtosekunde 2, hata kuitazama sehemu moja ya milioni ya sekunde kwahitaji hatua milioni 500! Wataalamu wa Groningen, Uholanzi, walibuni njia iitwayo Martini, inayokusanya takriban atomi 4, bila kuhesabu zile za hidrojeni, kuwa punje moja. Hesabu ikawa nyepesi, ingawa undani fulani hupotea.

Kwa uigaji huo mtaalamu hulinganisha maumbo ya mikia ya lipidi kabla ya kuitengeneza hata moja, akachagua ya kuanza nayo. Kama itadhuru ini la mgonjwa, kompyuta haitoi hukumu. Hilo bado hupimwa maabara, kisha kwa watu waliojitolea.