Kuondoka Si Kufika: Tunajifunza Nini kwa Uingereza na Umoja wa Ulaya?



Muhula huu, katika somo la maadili, tulifika kwenye fadhila ya busara. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba busara ina hatua tatu: kwanza kutafuta shauri, pili kuhukumu lililo jema baada ya kuchunguza, na tatu kuamuru litendeke. Frateri mmoja akanyoosha mkono na kuuliza: "Kwa mtu mmoja hayo tunayaelewa. Je, taifa zima linaweza kuziruka hatua hizo, hata kama limepiga kura huru na ya haki?" Kengele ikalia kabla ya jibu, na mjadala ukatufuata hadi bwaloni.

Katika makala hii tunajaribu kulijibu swali hilo kwa kutazama tukio moja: Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, tukio ambalo dunia imelizoea kwa jina la Brexit. Hatuandiki ili kuamua kama Waingereza walifanya vema kutoka au la. Tunataka kuelewa kwa nini nchi yenye Bunge kongwe na mahakama imara ilikaa miaka mitatu na nusu bila kujua kesho yake.

Umoja ulianzaje?

Tarehe 9 Mei 1950, miaka mitano tu baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika Ulaya, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, Robert Schuman, alipendekeza kwamba makaa ya mawe na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja. Hoja yake ilikuwa rahisi. Silaha hutengenezwa kwa chuma, na watu wanaochangia tanuru moja hawawezi kufuliana mikuki kwa siri. Schuman alikuwa Mkatoliki, kama walivyokuwa wenzake Konrad Adenauer wa Ujerumani na Alcide De Gasperi wa Italia. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alitambua rasmi fadhila zake za kishujaa.

Nchi sita zilianza mwaka 1951, na mwaka 1957 zikatia saini Mkataba wa Roma ulioanzisha jumuiya ya uchumi. Uingereza haikuwamo. Iliingia tarehe 1 Januari 1973, na mwaka 1975 wananchi wake waliulizwa kwa kura ya maoni kama wabaki. Asilimia 67 wakasema ndiyo.

Pande mbili zilikuwa na hoja

Hata hivyo manung'uniko hayakuisha. Waliotaka kutoka walisema kwamba sheria nyingi zinatungwa Brussels, mbali na macho ya mpiga kura. Kwamba nchi inachangia fedha nyingi. Na kwamba haiwezi kuamua yenyewe ni wangapi waingie kuishi na kufanya kazi, hasa baada ya nchi za Ulaya ya Mashariki kujiunga mwaka 2004. Waliotaka kubaki walisema kwamba biashara, ajira na amani ya bara zima vimejengwa juu ya umoja huo.

Sisi tunaosoma Mafundisho Jamii ya Kanisa hatupaswi kuidharau hoja ya upande wowote. Kanuni ya auni inatufundisha kwamba mamlaka ya juu isichukue kazi ambayo mamlaka ya chini inaweza kuifanya vema. Kanuni ya mshikamano inatukumbusha kwamba hakuna taifa linaloishi peke yake. Mtu mwema angeweza kupiga kura upande wowote kwa dhamiri safi.

Swali fupi, majibu mengi

Mwezi Januari 2013 Waziri Mkuu David Cameron aliahidi kura ya maoni, na tarehe 23 Juni 2016 ikapigwa. Swali lilikuwa moja: Uingereza ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke? Waliosema itoke walikuwa asilimia 51.9, waliosema ibaki asilimia 48.1. Tukumbuke kwamba nchi tunayoiita Uingereza ina sehemu nne. England na Wales zilitaka kutoka. Scotland na Ireland ya Kaskazini zilitaka kubaki. Asubuhi yake Cameron akatangaza kwamba atajiuzulu.

Sasa tutazame kwa jicho la mwanafalsafa. Anayesema "kitu hiki si meza" bado hajatuambia ni kitu gani. Vivyo hivyo, "kutoka" hakukueleza Uingereza itakuwa nini baada ya kutoka. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika soko lake la pamoja. Uturuki nayo haimo, lakini ina umoja wa forodha nao. Canada ina mkataba wa biashara tu. Na wapo waliokuwa tayari kutoka bila mkataba wowote. Wote hao, wenye ndoto zinazopingana, walihesabiwa katika kura moja ya kutoka.

Ni kama familia inayopiga kura ya kuhama nyumba. Baba anawaza Mwanza, mama anawaza Mbeya, vijana wanawaza mtaa wa pili tu. Kura ya kuhama inapita, lori linakodiwa, vyombo vinapakiwa. Ndipo dereva anauliza: "Twende wapi?"

Saa inakwenda, Bunge limekwama

Mkataba wa Umoja wa Ulaya, katika Ibara ya 50, unairuhusu nchi mwanachama kujitoa, na unatoa miaka miwili ya mazungumzo baada ya taarifa rasmi. Waziri Mkuu mpya, Theresa May, alitoa taarifa hiyo tarehe 29 Machi 2017. Saa ikaanza kwenda kabla serikali haijakubaliana na Bunge juu ya mwisho wa safari. Mwaka huohuo aliitisha uchaguzi ili apate nguvu zaidi, na mwezi Juni akapoteza wingi wa viti aliokuwa nao.

Makubaliano na Umoja wa Ulaya yalipatikana Novemba 2018. Tarehe 15 Januari 2019 wabunge waliyakataa kwa kura 432 dhidi ya 202. Mwezi Machi waliyakataa mara mbili tena. Wengine waliyaona yanaifunga mno nchi kwa Ulaya, wengine waliyaona yanaitenga mno. Basi tarehe 27 Machi Bunge lenyewe likaweka mezani njia nane tofauti na kuzipigia kura zote. Hakuna hata moja iliyopita. Tarehe 1 Aprili likajaribu njia nne, zote zikaanguka. Bunge lilijua lisilotaka, lakini halikujua linalotaka.

Siku ya kutoka ikasogezwa kutoka 29 Machi hadi 12 Aprili, kisha 31 Oktoba, kisha 31 Januari 2020. May aliondoka, akaja Boris Johnson. Septemba 2019 Mahakama ya Juu, kwa sauti moja ya majaji 11, ilitamka kwamba hatua ya kusimamisha vikao vya Bunge haikuwa halali. Uchaguzi wa Desemba 2019 ndio uliompa Johnson wingi wa viti, na tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka. Hata hapo mkataba wa biashara ulipatikana tarehe 24 Desemba 2020, mkesha wa Noeli, wiki moja kabla kipindi cha mpito hakijaisha.

Nani alibeba mzigo?

Viongozi walibadilishana viti, lakini mzigo wa kutojua waliubeba watu wa kawaida. Takriban raia milioni 3 wa nchi nyingine za Umoja waliokuwa wakiishi Uingereza walilala na kuamka wakijiuliza kama wataruhusiwa kubaki katika nchi walikozaa na kusomesha watoto. Waingereza waliokuwa wakiishi Hispania, Ufaransa na kwingineko waliulizana hivyohivyo.

Mfano mzito zaidi ni mpaka wa Ireland. Kwa miaka kama 30 Ireland ya Kaskazini ilikuwa na mapigano yaliyoua watu zaidi ya 3,500. Wengi waliyaita ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti, ingawa kiini chake kilikuwa kama eneo hilo liwe chini ya Uingereza au liungane na Jamhuri ya Ireland. Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998 yalileta amani, na vizuizi vya askari mpakani vikaondolewa. Kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, bidhaa hazikuhitaji kukaguliwa, na mkulima alivuka mpaka bila hata kuuona.

Uingereza ikitoka, mpaka huo, wenye urefu wa kilomita kama 500, unakuwa mpaka wa Umoja wa Ulaya. Ukaguzi uwekwe wapi? Ukiwekwa nchi kavu, jeraha la zamani linatoneshwa. Ukiwekwa baharini, Ireland ya Kaskazini inatengwa na sehemu nyingine za nchi yake. Makubaliano ya mwisho yaliuweka baharini, manung'uniko yakaendelea, na Februari 2023 pande mbili zilikuwa bado zinarekebisha mpango huo. Swali hilo halikuwemo katika karatasi ya kura mwaka 2016.

Nasi Afrika Mashariki

Mawimbi hayo yalifika hadi kwetu. Kenya ilikuwa ikiuza maua, chai na mboga Uingereza kwa masharti ya Umoja wa Ulaya, na Desemba 2020 ililazimika kutia saini mkataba wake yenyewe na Uingereza ili bidhaa zake zisitozwe ushuru mpya.

Lakini tuna kumbukumbu ya karibu zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, pamoja na shirika la ndege na reli tulizomiliki pamoja. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983, na makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984. Kuvunja ni kwa siku. Kugawana vyombo kulichukua miaka saba.

Mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliotiwa saini mwaka 1999, unasema katika Ibara ya 145 kwamba nchi inayotaka kujitoa ipate kwanza theluthi mbili ya wabunge wake wote, kisha itoe taarifa ya miezi 12, ambayo ndani yake inaweza kubadili nia. Ni kama kusema: shauriana kwanza, kisha subiri.

Hitimisho

Tumjibu sasa ndugu yetu frateri. Ndiyo, taifa linaweza kupiga kura ya haki na bado likakosa busara, kwa sababu kura ni hatua ya pili tu, ile ya kuhukumu. Uingereza ilihukumu mwaka 2016, ikaamuru mwaka 2017, na shauri, ambalo lilipaswa kutangulia, likafanyika mwishoni, saa ikiwa inakimbia. Kosa hilo tusiwatwike wapiga kura. Wao walijibu walichoulizwa. Mwenye kutunga swali ndiye aliyepaswa kueleza kila jibu linaelekea wapi na litamgharimu nani. Katika Injili ya Luka (Lk 14:28-30) Bwana wetu anamzungumzia mtu anayeketi kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kutoka nako ni ujenzi.

Jambo hili linatuhusu. Katika jumuiya ndogondogo, katika halmashauri ya parokia, katika vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, mara nyingi tunapiga kura ya kuacha kitu kwa sababu tumekichoka. Hata hapa seminarini, ndugu anapofikiri kuondoka, walezi hawamzuii. Humuuliza tu: "Unaona Mungu anakuita wapi?" Mwenye jibu huondoka kwa amani. Asiye nalo hushauriwa akae, asali, aulize. Kuuliza si ujinga, na ni heri kuuliza kabla lori halijapakiwa.