Kompyuta Moja, Barua Pepe Mbili: Msigombane!

Leo naanza na yaliyonikuta mwenyewe.

Jumapili moja jioni nilikuwa sebuleni na mke wangu, tunaangalia picha za harusi yetu kwenye kompyuta. Mara pembeni ya skrini kikachomoza kiboksi: jina la dada mmoja wa ofisini, na chini yake, “Ya juzi ilikuwa tamu, unaleta lini tena?” Picha za harusi ziliishia hapo. Mke wangu akanyamaza, na nyie mlio kwenye ndoa mnaujua ule ukimya. Kumbe ilikuwa keki! Keki aliyoioka yeye mwenyewe, mimi nikaipeleka kazini. Nilijieleza hadi saa tano usiku.

Kosa lilikuwa la nani? Si la dada wa watu, wala la mke wangu. Programu ya barua pepe tuliikuta tu kwenye kompyuta. Hatukuichagua, hatukuipanga, tukarundika humo barua zetu wote wawili.

Kwani programu ya nini?

Utasema: si nafungua tu barua zangu kwenye tovuti? Sawa. Lakini programu inaweza kutunza nakala kwenye kompyuta yako. Bando likiisha bado unasoma barua za nyuma na kuandika majibu, yanayosubiri mtandao urudi. Na kama una anwani ya kazi na ya nyumbani, zote unazikuta mahali pamoja.

Thunderbird ni ya bure, toleo lake la kwanza rasmi lilitoka mwaka 2004, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Wenye Mac mnayo Mail ya Apple, inakuja na mashine. Wenye Windows, ile Mail ya zamani Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024, nafasi yake ikachukuliwa na Outlook mpya. Ukiitumia bure utaletewa matangazo, na ukiunganisha anwani ya kampuni nyingine, mfano Gmail, nakala za barua zako zinahifadhiwa pia kwenye seva za Microsoft. Kwa wengine si tatizo. Ila ujue kabla hujabonyeza “kubali”.

Barua zinakaa wapi?

Wakati wa kuunganisha anwani unaweza kuulizwa: POP au IMAP? POP inazishusha barua kwenye kompyuta, na isipopangwa vinginevyo inaweza kuzifuta kwenye seva. Sasa umeme ukizingua na diski ikaungua, barua za uchumba na risiti za kodi ya nyumba, vyote kwaheri! IMAP inaziacha kwenye seva, hivyo simu na kompyuta vinaona kitu kilekile. Chagua IMAP. Lakini angalia: ukifuta barua kwenye kompyuta, na kwenye simu imefutika. Zile za thamani zinakili kwenye diski ya pembeni.

Ufunguo anao nani?

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Anwani ya mume na ya mke zikikaa ndani ya programu moja, siku moja utamjibu bosi wako kwa jina la mwenzio. Dawa ni kila mmoja kufungua akaunti yake ya kuingilia kwenye kompyuta, yenye pasiwedi yake. Programu ni ileile, ila kila mtu anakuta barua zake. Usitegemee pasiwedi kuu ya Thunderbird. Ile inalinda pasiwedi ulizohifadhi, haimzuii mtu kusoma barua zilizokwisha kushushwa.

Ukiinuka kwenda jikoni, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini inajifunga. Halafu ingia kwenye mipangilio, zima kile kiboksi cha taarifa, au kiache kitokee bila maneno ya barua.

Najua kuna atakayesema: mapenzi gani haya ya kufungiana milango? Msomaji wangu, siri nyingine wala si yako. Shoga yake mkeo anayemwandikia kuhusu matatizo ya ndoa yake hakukuandikia wewe. Kumpa mwenzio faragha hakumaanishi una cha kuficha.

Sisi tulikaa chini tukakubaliana: kila mtu na akaunti yake, halafu tukafungua anwani ya tatu ya pamoja, kwa ajili ya kodi ya nyumba, bili na tiketi za safari. Hiyo tumeiunganisha kwa IMAP pande zote mbili, kila mmoja anaiona. Siku hizi hakuna anayesema “sikujua kama tunadaiwa”.

Kubalianeni mapema, kabla kiboksi hakijachomoza. Keki? Bado napeleka ofisini, ila sasa dada yule anaagiza kwa mke wangu moja kwa moja. Tukutane mwezi ujao!