Kengele Inaponyamaza: Ratiba ya Siku na Maisha ya Kujitegemea

Mwanafunzi wa shule ya bweni huishi kwa kengele. Ya kwanza humwamsha kabla jua halijachomoza, ya pili humpeleka kwenye usafi, ya tatu humsimamisha mstarini, na hivyo hivyo mpaka kengele ya kuzima taa. Kwa miaka minne, na kwa wengine sita, haamui mwenyewe ale saa ngapi wala alale saa ngapi. Kwa wale wanaopitia Jeshi la Kujenga Taifa, kengele hupokewa na filimbi. Halafu siku moja kijana huyu hufika chuo kikuu, hukabidhiwa ufunguo wa chumba, na kengele hunyamaza.

Kila mwaka mimi hukutana na matokeo ya ukimya huo. Miaka michache iliyopita, kijana mmoja aliyekuja na alama za juu kabisa za fizikia alikosa mitihani miwili ya majaribio katika muhula mmoja. Nilimwita ofisini nikitazamia kusikia habari za msiba au za ulevi. Hakukuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa akilala saa tisa usiku na kuamka saa tano asubuhi. Fedha zake za chakula, zile ambazo wanafunzi huziita "bumu", zilikuwa zimekwisha katika wiki ya tano. Na shati alilovaa lilikuwa na siku nne mwilini. "Mwalimu," akaniambia, "sijui siku inakwenda wapi."

Sikumkaripia, kwa kuwa jambo hilo lilipata kunifika mimi mwenyewe. Nilipokwenda Edinburgh kusomea shahada ya uzamivu, nilifika majira ya baridi yakikaribia. Mwezi Desemba jua la huko huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo alasiri. Baada ya majuma machache nilikuwa nikikodoa macho usiku na kusinzia maabarani, nami nikadhani nina maradhi. Nilichokosa kilikuwa mwanga, na pamoja nao alama zote ambazo mwili wangu ulizitumia kujua kwamba siku imeanza.

Ili tuelewe kilichotusibu, mimi na yule kijana, yatupasa kutazama mambo mawili yaliyo tofauti, ingawa watu aghalabu huyachanganya: saa ya mwili na mazoea.

Mwaka 1729 mwanasayansi Mfaransa, Jean-Jacques de Mairan, aliuweka gizani mmea wa jamii ya kifauongo. Majani yake yaliendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku, kana kwamba yanaliona jua. Iliwachukua wanasayansi zaidi ya karne mbili kueleza namna saa hiyo ya ndani inavyofanya kazi katika chembehai, na mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, ambayo waliifanya kwa kutumia nzi wadogo wa matunda.

Mwanadamu naye anayo saa yake. Imo katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapopishana, nayo ni mafungu mawili ya seli za neva zipatazo 20,000 kwa jumla. Ikiachwa peke yake, saa hii huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kwa dakika chache; kwa hiyo hulazimika kurekebishwa kila siku, na mrekebishaji wake mkuu ni mwanga. Mwanga wa asubuhi huiwahisha, na mwanga wa usiku, pamoja na ule wa simu anayoitazama mtu kitandani, huichelewesha. Isitoshe, homoni ya melatonini, ambayo huutangazia mwili kuwa usiku umeingia, kwa vijana huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko kwa watoto wadogo na wazee. Kijana anayechelewa kupata usingizi si mvivu; ila akiongezea taa na simu juu ya maumbile yake, atajikuta anaishi kwa saa ya nchi nyingine.

Hapa sisi wa Afrika Mashariki tumebahatika. Tunahesabu saa tangu kucha, na tuna sababu: Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa moja mwaka mzima. Mrekebishaji wetu hachelewi kazini. Mwanafunzi anahitaji tu kutoka nje kumlaki kwa saa ile ile kila siku, hata Jumapili.

Jambo la pili ni mazoea. Tendo jipya hutaka fikira, na fikira huchosha. Tendo linaporudiwa mara nyingi katika mazingira yale yale, uendeshaji wake huhamia kwa sehemu kubwa katika viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo. Katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Ann Graybiel na wenzake walipima seli za viini hivyo katika panya waliokuwa wakijifunza njia. Mwanzoni seli zilichangamka njia nzima. Panya walipokwisha kuzoea, zilichangamka hasa mwanzoni mwa safari na mwishoni, na katikati zikatulia. Ubongo ulikuwa umeifunga safari nzima kuwa tendo moja lenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kwa hiyo mwenye kutaka kujenga mazoea na aushughulikie mlango wa kuingilia, yaani ile ishara inayolianzisha tendo.

Je, huchukua muda gani? Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa London walichapisha uchunguzi wa watu 96, ambao kila mmoja alichagua tendo moja dogo, kama vile kunywa maji baada ya kifungua kinywa, akalirudia kila siku kwa majuma 12. Kwa wale ambao hesabu zao zilitosheleza, muda wa katikati ulikuwa siku 66, lakini tofauti baina ya watu zilikuwa kubwa mno: kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Tena, kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Natamani jambo hili lijulikane zaidi, kwani vijana wengi huvunja ratiba Jumanne na kuitupa Jumatano.

Sasa twaweza kuona kwa nini miaka sita ya kengele haikumfundisha yule kijana. Ishara ya matendo yake yote ilikuwa kengele, nayo ilibaki shuleni. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua kazi zao wenyewe, wasiwe watendaji wa amri tu. Katika mabweni mengi tumebaki na jembe, tukausahau uamuzi.

Walimu wa watoto wenye ulemavu wa akili wana ujuzi ambao sisi wa vyuo vikuu tungeuazima. Wao huichambua kazi hatua kwa hatua. Kufua shati ni kuloweka, kusugua, kusuuza, kukamua, kuanika. Mara nyingi huanza kufundisha kutoka mwisho: mwalimu hufanya yote, mtoto huanika tu. Akishaweza, hukamua na kuanika. Kisha husuuza, hukamua na kuanika. Kila siku mtoto humaliza akiliona shati safi kambani, na kila siku mwalimu hujiondoa kidogo. Kengele ya bweni haijiondoi kamwe, mpaka siku inapokatika yote kwa pamoja. Kidato cha tano na cha sita pangekuwa mahali pazuri pa kuipunguza: wanafunzi wapange wenyewe saa za kujisomea, wakosee, na mwalimu angali karibu.

Yule kijana hatukumwandikia ratiba ya siku nzima. Tulitafuta ishara moja ambayo tayari alikuwa nayo. Katika bweni lake maji yalitoka jioni tu, na kila mtu aliposikia bomba likianza kukohoa alikimbilia ndoo. Tukakubaliana: ndoo ikishajaa, aloweke shati, shati likilowekwa, ateremshe chandarua na kuchomeka pindo zake chini ya godoro, chandarua kikishachomekwa, simu ibaki mezani. Asubuhi ndoo aiogee nje, kwenye bafu za uani, jua likimpiga usoni. Fedha tuliziachia wiki ya tatu. Aliteleza mara kadhaa, hasa bomba lilipokauka siku nne mfululizo, akaja kuuliza tufanye nini na ishara isiyotokea. Tulihamishia shati kwenye adhana ya magharibi, ambayo yeye, ingawa ni Mkristo, huisikia kila siku dirishani.