Mabingwa Wawili wa Morogoro, na Funzo kwa Chama Chetu

Ndugu Wanachama,

Katika toleo hili twaacha kidogo habari za mizani na magunia, tuzungumze habari ya muziki. Baadhi yenu mna jamaa Morogoro, na wengine mmewahi kufika Kihonda, kwenye njia iendayo Dodoma, milima ya Uluguru ikionekana upande wa kusini. Hata karafuu hulimwa milimani humo, upande wa Matombo. Lakini miaka mingi mji ule ulivuma kwa magitaa kuliko kwa mazao.

Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakauzunguka mji. Penye kazi pana watu, na penye watu hapakosi ngoma. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mshindani wake, Cuban Marimba, aliiongoza Salum Abdallah, mzaliwa wa mji huo wa mwaka 1928. Siku hizo santuri za Kuba zilipendwa pwani na bara, naye alizipenda kupita kiasi. Husimuliwa kwamba alitoroka kwao na wenziwe wakikusudia kwenda Kuba kwenyewe. Safari ikaishia Mombasa. Basi alirudi akautia muziki ule Kiswahili chetu. Novemba 1965 alifariki kwa ajali ya gari.

Bingwa wa pili ni Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akapiga gitaa la solo, akatunga na kuimba. Mwaka 1970 alikwenda na bendi hiyo Osaka, Ujapani, kwenye Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 aliihama, akaunda Super Volcano. Wimbo wake “Shida” uliuzwa sana Kenya. Januari 1979 naye akafa kwa ajali ya gari, huko Mombasa, umri wake miaka 34. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Sasa tutazame waliobaki. Alipokufa Salum, nafasi yake ilishikwa na Juma Kilaza, mtu aliyekuwa keshaizoea kazi, na Cuban Marimba ikaendelea kupiga na kupendwa. Morogoro Jazz ilipoachwa na Mbaraka haikurudia tena sifa zake za kwanza. Na Super Volcano, baada ya kifo chake, haikuwa tena ile iliyojulikana.

Hatusemi haya kumlaumu Mbaraka. Fundi hodari ana haki ya kutafuta riziki yake. Twasema kwa sababu bendi ni chama kama hiki chetu: ina fedha, ina vyombo, ina watu wanaotegemeana. Tujiulize kwa haki: katika tawi lako, ni wangapi wajuao kusoma daftari la mauzo? Karani akiugua msimu wa uchumaji, nani atakayepima? Tukijibu kwa jina la mtu mmoja tu, basi tumo hatarini, hata bei ikiwa njema.

Kwa hiyo twaomba kila tawi limchague kijana mmoja, wa kiume au wa kike, akae kando ya karani tangu siku ya kwanza ya msimu, ajifunze mizani na hesabu. Majina yaletwe kwetu kabla ya mkutano ujao.

Wenu katika kazi,
Katibu